Inamahoro si "Mama Amani": Uhakiki wa Asili na Maana ya Jina la Msichana Baina ya Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna jina Inamahoro, ambalo Warundi humpa mtoto wa kike, linavyofasiriwa linapoingia katika Kiswahili. Fasiri iliyozoeleka, yaani "Mama Amani", inakipa kiambishi cha kwanza kazi isiyo yake, inalibadilisha shina la jina kwa neno lenye historia nyingine, na inalisahau tukio ambalo kwalo mtoto alipewa jina. Ili kulionesha hilo, Inamahoro linalinganishwa na Mwavita, jina la kike la Waswahili wa Burundi na majirani zao. Sehemu ya mwisho inaliangalia jina hilo katika vyeti vya watoto wanaovuka mpaka wa Kobero, mahali ambapo kosa la mfasiri huwa kosa la sajili.

Utangulizi

Katika semina moja ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili niliyohudhuria Gitega, mwendeshaji wa kikao alimkaribisha jukwaani mwanafunzi wa sekondari kutoka Muyinga. Katika ratiba jina lake lilikuwa Inamahoro. Mwendeshaji, kwa nia njema kabisa ya kukikweza Kiswahili, akasema: "Sasa namwita Mama Amani." Ukumbi ukacheka. Mzee aliyeketi nyuma yangu akauliza kwa sauti iliyosikika, "Na huyo Amani ana umri gani?" Binti alisoma shairi lake bila kuinua macho, akarudi kitini.

Kicheko kile kinastahili kuchambuliwa. Katika Kiswahili cha Burundi, kama kilivyo cha Kigoma na cha Uvira, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Riziki, Mama Amani. Hiyo ni heshima, na heshima hiyo hupatikana kwa kuzaa. Kumwita hivyo mwanafunzi wa sekondari mbele ya walimu wake ni kudai jambo juu yake, na shuleni dai hilo halina uchekeshaji wowote. Mwendeshaji hakukusudia hilo. Alikuwa amefuata tafsiri ambayo wengi wetu tumeifuata bila kuitilia shaka: ina- ni mama, amahoro ni amani, hesabu imekwisha.

Mahali pawili panatajwa katika anwani kwa sababu jina hili lina maisha mawili. Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, uko katikati ya nchi, katika eneo la kasri za zamani za wafalme. Gishora na ngoma zake hauko mbali, na Jumba la Makumbusho la Taifa limekuwapo hapo tangu 1955. Huko Inamahoro ni neno la Kirundi miongoni mwa maneno ya Kirundi, na hakuna anayeuliza lina maana gani. Muyinga, kaskazini-mashariki, inapakana na Tanzania. Kiswahili ni lugha ya zamani ya soko na ya msikiti mjini humo, na barabara inayopitia Kobero kwenda Kabanga na Ngara imepitisha wafanyabiashara, wakimbizi na wanaorejea nyumbani. Huko jina hulazimika kujieleza. (Mgawanyo mpya wa utawala ulioanza kutumika mwaka 2025 umeiingiza Muyinga katika mkoa wa Buhumuza; hapa ninautaja mji na eneo lake kwa jina ambalo watu bado wanalitumia.)

Kazi ambayo hakuna mtafiti wa majina ya Kirundi anayeweza kuipita ni kitabu cha Philippe Ntahombaye, Des noms et des hommes, kilichochapishwa na Karthala mwaka 1983. Mchango wake mkubwa ni kulitazama jina la Kirundi kama ujumbe: mzazi anasema na jirani, na kifo, na Mungu, na mtoto anabeba maneno hayo maisha yake yote. Sina ugomvi na msingi huo. Sehemu ya nne ya makala hii imejengwa juu yake. Ugomvi wangu ni na sisi tuliokuja baadaye. Kitabu kile kiliandikwa kwa Kifaransa, kwa wasomaji wa Kifaransa. Sisi wa Kiswahili tumezoea kulichukua jina la Kirundi likiwa tayari limevaa Kifaransa, kisha tukalivika Kiswahili juu yake. Hiyo ni tafsiri ya mikono miwili, na katika Inamahoro mkono wa pili umeharibu zaidi ya wa kwanza.

Ina- na Mwa-

Tuanze na kiambishi. Jicho la msomaji wa Kiswahili likikutana na herufi i-n-a mwanzoni mwa neno, huona kitenzi: ina maji, ina faida, ina mahoro. Hili si jambo la kudharau, kwa kuwa ndilo linalomfanya karani alikate jina vipande viwili. Katika Kirundi, ina- haihusiani kabisa na kuwa na kitu. Ni mzizi uleule uliomo katika nyina, yaani mama yake, na kinapoungwa na nomino humtaja mwanamke kwa uhusiano wake na kile kinachotajwa. Mwenzake wa kiume ni se-, kutoka katika neno la baba.

Majina mengi ya Kirundi hayana alama ya jinsia. Niyonkuru, Ntakirutimana na Nshimirimana huweza kuwa ya mvulana au ya msichana. Ukiyaona kwenye orodha ya darasa huwezi kujua. Ndiyo maana majina yenye ina- ni machache lakini yana uzito: yanatamka jinsia waziwazi. Katika Kinyarwanda kazi hiyo hufanywa sana na Nyira- na Muka-. Kirundi nacho kinaifahamu Muka-, yenye maana ya mke wa. Mfano mashuhuri ni Mukakaryenda, mwanamke aliyehesabiwa kuwa mke wa Karyenda, ngoma ya ufalme. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba mwanamke huyo aliolewa na ngoma kama mtu anavyoolewa na mtu. Uhusiano ni wa dhamana: yeye ndiye anayeitunza, na kwake ngoma ina nyumba.

Kwa mwanga huo, ina- nayo yapasa isomwe kama alama ya dhamana kabla ya kusomwa kama alama ya uzazi. Umbo hili halikuzaliwa jana. Mwaka 1934, chini ya utawala wa Wabelgiji, kaskazini-magharibi mwa nchi kulitokea uasi ambao wanahistoria wanauita kwa jina la mwanamke aliyekuwa kiini chake: Inamujandi. Anayedhani kwamba majina ya ina- yalibuniwa na semina za amani za miaka ya karibuni ana wajibu wa kueleza jina la mwanamke huyu, ambaye utawala ulimwona kuwa kinyume kabisa cha amani.

Kiswahili kina umbo la kulinganisha, nalo si "Mama". Ni Mwana-, ambalo mara nyingi hufupishwa kuwa Mwa-: Mwanaidi, Mwanakombo, Mwajuma, Mwamvua. Wengi hufasiri Mwajuma kuwa mtoto wa Ijumaa, na Mwamvua kuwa mtoto wa mvua. Kosa ni lilelile la "Mama Amani", ila limegeuzwa. Pwani, mwana ni neno la heshima kwa mwanamke. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, hakuwa mtoto wa mtu aitwaye Kupona. Ushahidi ulio bora zaidi uko katika majina ya kiume yanayokwenda sambamba: pana Mwamvua, pana na Mwinyimvua, pana Mwajuma, pana na Mwinyijuma. Mwinyi ni bwana, mwenye mamlaka. Kwa hiyo Mwa- mbele yake ni bibi, si mtoto. Jozi ya Mwinyi- na Mwa- katika Kiswahili inafanana kimuundo na jozi ya se- na ina- katika Kirundi: kila upande una jozi ya heshima inayomuunganisha mtu na wakati, kitu au hali.

Naongeza hapa jambo dogo ambalo wanaisimu wanaweza kuliona ni la mitaani. Kiswahili cha sasa kimebuni mama lishe na mama ntilie, na katika maneno hayo mama hana mtoto aitwaye Lishe. Ni mwenye kazi hiyo. Kwa hiyo lugha inao uwezo wa kuitumia mama kwa maana ya dhamana. Tatizo la "Mama Amani" ni kwamba Amani ni jina la watu, tena limeenea sana upande wetu wa ziwa. Mara linapofuata mama, maana ya uzazi hushinda.

Kilichopoa

Shina la jina ndilo lenye utajiri zaidi, na ndilo lililopuuzwa zaidi.

Amahoro hutafsiriwa amani bila maelezo. Warundi husalimiana kwa neno hilo asubuhi, mchana na jioni, na wageni hujifunza neno hilo kabla ya mengine yote. Mahusiano yake na Kiswahili, hata hivyo, yako kwingine kabisa. Kirundi na Kiswahili hupishana kwa kanuni za sauti ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuzithibitisha. Mahali Kiswahili kinapokuwa na p, Kirundi huwa na h: kupa ni guha, kupita ni guhita. Na mahali ambapo Kiswahili kimedondosha konsonanti baina ya irabu mbili, Kirundi mara nyingi kimebaki na r: njaa ni inzara, kuzaa ni kuvyara. Tukizitumia kanuni hizo mbili kwa kitenzi guhora, ambacho ndicho kilichozaa amahoro, tunafika moja kwa moja kwenye kitenzi cha Kiswahili: kupoa.

Maana zinakubaliana na sauti. Guhora ni kupoa kwa chakula kilichokuwa moto, na ni kutulia kwa aliyekuwa akilia. Mtoto anayelia huambiwa hora. Kwa Kiswahili uji hupoa, homa hupoa, hasira hupoa, na ugomvi wa mtaani husemwa umepoa. Kwa hiyo amahoro, kwa asili yake, ni hali ya mambo yaliyopoa. Kijana wa Dar es Salaam anayejibu "poa" akiulizwa mambo, na mzee wa Gitega anayeitikia "amahoro", wanatumia mzizi mmoja kwa shughuli moja. Nimewahi kulisema hili darasani na wanafunzi wakadhani ninafanya mzaha.

Amani ni neno la njia nyingine. Limekuja kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa imani na amana: kiini chake ni usalama unaotokana na kuaminiana. Ni neno zuri na lina kazi yake. Lakini si neno la joto na ubaridi. Anayesema amani anadokeza kwamba kuna mtu wa kuaminiwa. Anayesema amahoro anadokeza kwamba kulikuwa na moto. Kirundi chenyewe kinatenga mawazo haya: kwa usalama wa nchi na wa njia, neno linalotumika sana ni umutekano. Kwa hiyo mtafsiri anayeyafanya amahoro kuwa amani tu amefunga mlango ambao Kirundi kilikuwa kimeuacha wazi.

Kuna mwiba mmoja katika uchambuzi huu nao hauna budi kutajwa. Kirundi kina kitenzi kingine kinachoandikwa vilevile, guhora, chenye maana ya kulipa kisasi. Hivyo viwili hutofautishwa kwa matamshi, si kwa herufi, kwa kuwa maandishi ya kawaida ya Kirundi hayaoneshi toni wala urefu wa irabu. Sidai kwamba ni mzizi mmoja. Urefu wa irabu unapinga. Ninachodai ni kwamba mtafiti anayefanya kazi kutoka kwenye orodha zilizochapwa, bila sikio la Kirundi, anaweza kuuchukua mzizi usiokuwa wake na asijue. Katika nchi ambayo tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, ilipita katika vita vya miaka mingi, kuchanganya poza na lipiza si kosa dogo la kamusi.

Ukubwa wa jina katika historia

Je, Inamahoro ni jina la jadi? Katika vikao vyetu swali hili huulizwa kana kwamba jibu ni ndiyo au siyo. Ufinyanzi ni wa zamani. Udongo umechukuliwa upya mara nyingi. Tumeona ina- mwaka 1934. Tukirudi nyuma zaidi tunamkuta Ririkumutima, mke wa Mwezi Gisabo, aliyekuwa miongoni mwa walioshika madaraka kwa niaba ya Mwambutsa, mfalme mtoto, baada ya kifo cha Mutaga mwaka 1915, hadi yeye mwenyewe alipofariki 1917. Jina lake ni kishazi kizima kilichobeba neno mutima, moyo. Majina ya wanawake wa Burundi, basi, hayakuwa mapambo ya uzuri peke yake, ingawa Keza na Kaneza, yenye wazo la uzuri na wema, yapo na yanapendwa.

Ni kweli pia kwamba amahoro imekuwa neno la siasa. Wanawake wa Burundi walikutana Arusha Julai 2000 kuyapeleka madai yao kwenye mazungumzo yaliyokuwa yakisimamiwa na Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti mwaka huo. Tangu hapo neno hili limeandikwa kwenye mabango na fulana kuliko neno lolote la Kirundi ninalolikumbuka. Lakini kutoka hapo kuruka hadi kusema kwamba kila Inamahoro aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 ni ukumbusho wa Arusha ni kuwapa wanasiasa sifa ya kazi iliyofanywa na bibi nyumbani.

Nani alisema, na kwa nani?

Hapa ndipo Ntahombaye anapotufaa zaidi. Jina kama Nzikobanyanka ni sentensi kamili: najua kwamba wananichukia. Anayejua si mtoto. Mtoto wa siku nane hajui kitu. Anayejua ni mzazi, na anayeambiwa ni jirani ambaye atalazimika kulitamka jina hilo kila atakapomwita mtoto aliyepita njiani. Jirani husema kwa mdomo wake mwenyewe kile anachotuhumiwa nacho. Sijui lugha ya Kiswahili kama ina silaha ya upole na ya kudumu kama hiyo. Kanga zenye maneno zinakaribia, lakini kanga huchakaa.

Yako majina yasiyohitaji msemaji. Bukuru na Butoyi ni pacha wa kwanza na wa pili, na Ciza huwafuata pacha. Nyandwi ni wa saba, Minani ni wa nane. Mtafiti anaweza kuyaandika hayo akiwa ofisini, asikosee. Inamahoro haliko katika kundi hilo. Lina umbo la nomino, kwa hiyo linadanganya. Linaonekana kama lebo, ilhali ni kauli ya mtu.

Baada ya kikao kile cha Gitega nilimwomba binti anieleze jina lake, naye akakubali nilitaje alilosema. Nilitarajia kusikia habari za vita au za Mungu. Alisema wazazi wake walirejea Muyinga kutoka kambi ya Lukole, upande wa Ngara, wakakuta shamba la babu linalimwa na watu wengine. Ugomvi ulikwenda mbele ya bashingantahe. Shamba likagawanywa, hakuna aliyeridhika sana, na hakuna aliyekataa. Miezi michache baadaye yeye akazaliwa. Bibi yake, wala si baba, ndiye aliyetoa jina, na alilitoa mbele ya mke wa yule jirani aliyekuwa amekuja kumtazama mzazi. "Bibi hakuwa anasema nami," aliniambia. "Alikuwa anasema na yule mama."

Kisa kimoja hakithibitishi kanuni, na sikileti hapa kama takwimu. Kinaonesha tu kile ambacho tafsiri haiwezi kukipata hata ikiwa sahihi kiisimu. Jina lilelile lingeweza kutoka kwa baba anayemshukuru Mungu, kwa mama aliyezika watoto wawili na anaomba moto usirudi, au kwa familia inayolalamika kwamba amahoro wamenyimwa. Katika kila hali herufi ni zilezile tisa. Mtafiti aliyejaza safu ya "maana" bila kujaza safu ya "aliyetoa" na ya "aliyeambiwa" amerekodi nusu, na kwa maoni yangu amerekodi nusu iliyo nyepesi.

Inamahoro na Mwavita

Katika mitaa ya Waislamu ya Muyinga, kama ilivyo Buyenzi, Rumonge, Uvira na Kigoma, utamkuta Mwavita. Kwa kanuni tuliyoiona, Mwavita ni Mwana- pamoja na vita: bibi wa wakati wa vita. Ukiwaweka Inamahoro na Mwavita katika dawati moja, mgeni mwenye kamusi ataona mkingamo mzuri, mmoja wa amani na mmoja wa vita, na pengine ataandika makala juu yake.

Mkingamo huo hauna mashiko, na sababu yake ni tofauti ya desturi. Kwa desturi ya Kirundi jina hutungwa kwa ajili ya mtoto huyu, halirithiwi. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyoshabihiana hata kwa silabi. Kwa Waswahili, mtoto wa kike mara nyingi hupewa jina la bibi yake. Basi Mwavita wa leo anaweza kuwa amezaliwa siku tulivu kabisa, katika nyumba yenye shibe, na vita vilivyomo katika jina lake vikawa vya bibi wa bibi yake, vita ambavyo hakuna aliye hai anayevikumbuka. Na Inamahoro anaweza kuwa amezaliwa kichakani, risasi zikilia. La kwanza ni kumbukumbu ya ukoo. La pili ni neno lililosemwa siku moja na mtu mmoja. Mwenye kupanga majina kwa maana za kamusi angewabadilishia historia zao.

Katika Muyinga desturi hizi mbili hazikai mbali mbali. Wapo wasichana wenye jina la Kiislamu na la Kirundi pamoja, na mara nyingi kila jina lina mtoaji wake: la dini limetoka upande mmoja wa familia, la Kirundi upande mwingine. Mtafiti wa isimu jamii atapata hapo kazi ya miaka.

Jina linapofika Kobero

Kwa washauri wa sera, yaliyotangulia yanaweza kuonekana kuwa anasa ya wanalugha. Naomba watazame cheti.

Mfumo wa majina wa Tanzania, kama ulivyozoeleka katika shule na ofisi, ni wa mnyororo: jina la mtoto, la baba, la babu. Mfumo wa Burundi ni wa jina la Kirundi lililo la mtu binafsi, pamoja na jina la ubatizo au la Kiislamu. Mtoto wa Kirundi aliyezaliwa au kusoma upande wa Tanzania, katika Lukole ya zamani au katika Nyarugusu na Nduta, huenda akapata mnyororo ambao nyumbani hauna mwenzake. Akirejea kupitia Kobero, kama maelfu walivyorejea tangu urejeshwaji wa hiari ulipoanza tena Septemba 2017, anakuwa na karatasi mbili zisizokubaliana. Nimeona kwa macho yangu ripoti ya shule ambayo Inamahoro imegawanywa: "Ina" katika nafasi ya jina la mwanafunzi, "Mahoro" katika nafasi ya jina la baba. Aliyeandika hakuwa mzembe. Alisoma Kirundi kwa jicho la Kiswahili, na kwa kuwa Mahoro peke yake nalo ni jina la watu, hakuona sababu ya kusita. Msichana yule alipata baba ambaye hayupo, na baba aliyekuwapo akatoweka kwenye karatasi.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kulishughulikia jambo hili, kwa kuwa Kiswahili ndicho kinachotajwa kuwa lugha ya kuunganisha huduma za Jumuiya. Ninayoyapendekeza si makubwa. Jina la mtu lisitafsiriwe katika hati yoyote, hata ya sherehe, hata kwa nia ya kukienzi Kiswahili. Liandikwe kwa neno moja iwapo lugha yake inaliandika kwa neno moja. Mafunzo ya makarani wa mipakani yaoneshe mifano ya ina-, se-, nya- na muka-, ambayo inaweza kuenea katika ukurasa mmoja. Fomu iruhusu nafasi ya jina la ukoo kubaki tupu bila mfumo wa kompyuta kuikataa. Na jinsia iulizwe, isikisiwe. Niyonkuru aliyeandikwa mvulana kwa kukisia atapata taabu siku atakapoomba nafasi katika bweni la wasichana.

Pingamizi moja nimelisikia mara kwa mara, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu: kwamba Kiswahili kikiwa lugha ya Jumuiya, ni haki wasemaji wake wayaelewe majina ya wenzao. Kuelewa ni haki. Lakini kuna mahali pa kuelewa, nako ni maelezo, tanbihi, mazungumzo baada ya kikao. Ikibidi nimweleze Mswahili jina hili, nitamwambia: ni mwanamke ambaye kwake mambo hupoa. Sitaliandika hilo kwenye beji yake. Anayemwita binti huyu amwite Inamahoro, kwa irabu zake zote tano, kisha akipenda amuulize ni nani aliyempa jina hilo na siku hiyo nani mwingine alikuwapo.